Kadi ya twiga: kuprinti, kupaka rangi na kubandika

Kadi nyingi za aina hii, zenye picha ya mistari unayoiprinti na kuipaka rangi mwenyewe, huharibikia kwenye printa, hata kabla ya rangi. Wino wa printa ndogo za nyumbani mara nyingi huchuruzika ukiguswa na maji. Ukipitisha brashi mbichi, mistari myeusi inavuja na manjano ya twiga inageuka tope. Ukitaka kutumia rangi za maji, peleka picha steshenari wakuprintie kwa mashine ya leza. Unga wa leza huyeyushwa kwa joto ukashika karatasi, maji hayauwezi.

Kwa penseli za rangi, printa yoyote inafaa. Chagua karatasi ya gramu 120 hadi 160 isiyong'aa. Ya gramu 80 hujikunja na kuchanika ukirudiarudia rangi, na inayong'aa haishiki penseli kabisa. Picha ya ukurasa mzima wa A4 iprinti kwa asilimia 40: twiga atabaki na urefu usiozidi sentimita 12, anaenea kwenye kadi ya A6 (robo ya A4). Kama utaziuza kadi, soma kwanza masharti ya mchoraji. Picha ya kupakua bure si lazima iwe ya biashara.

Anza na rangi ya krimu au manjano hafifu mwili mzima, mkono mwepesi, penseli imechongwa. Kisha mabaka. Twiga wa Kimasai, anayeonekana Serengeti, ana mabaka yenye kingo za kuchanikachanika, na yanashuka miguuni karibu hadi kwato. Yajaze kahawia nyekundu, halafu ongeza kahawia iliyoiva katikati ya kila baka tu. Ukiikoleza mpaka ukingoni, mabaka yanaungana na shingo nzima inakuwa doa moja. Chini ya tumbo na nyuma ya taya pitisha zambarau nyepesi juu ya krimu. Kivuli cha nyeusi humfanya aonekane mchafu.

Usikandamize mapema. Nta ya penseli ikishajaa, karatasi inateleza na haipokei rangi nyingine, na hapo ni vigumu kurekebisha. Kukandamiza kwa penseli nyeupe ili kulainisha ni kazi ya mwisho. Weka karatasi safi chini ya kiganja, na vumbi la rangi liondoe kwa brashi kavu. Ukilifuta kwa kidole linaacha mchirizi.

Kabla ya kukata, bandika picha juu ya manila kwa gundi ya kijiti. Gundi nyeupe ya maji huikunja. Iache chini ya vitabu vizito saa moja, la sivyo miguu itapinda ukishaikata. Kata ukibakiza milimita 2 nje ya mstari, ukizungusha karatasi badala ya mkasi. Kati ya miguu tumia wembe wa kukatia juu ya ubao. Masikio na pembe usizifuate moja moja: bakiza kipande kati yake.

Kata A4 ya manila vipande viwili, kunja kila kimoja: hizo ni kadi mbili za A6. Miguu ibandike moja kwa moja kwenye kadi. Nyuma ya mwili, shingo na kichwa weka vipande vidogo vya boksi, viwili mwilini, kimoja shingoni na kimoja kichwani, ili twiga ainuke. Bahasha ya C6 (milimita 114 × 162) inatosha kadi bapa, lakini hii itabana na kichwa kitang'oka, hivyo tafuta bahasha kubwa zaidi.