Kudai bima ya maisha ya mzazi: nilivyofuatilia ya mama

Msiba ukiwa mbichi hakuna anayetaka kusikia habari za bima. Mjomba wetu mmoja alininunia nilipouliza ulipo mkoba wa mama, akidhani nimeanza mirathi kaburi halijakauka. Mtu akinuna, mwache anune. Kuna mambo mawili lazima uyashike kabla matanga hayajaanuliwa na watu kutawanyika: kibali cha mazishi, na habari za bima alizokuwa nazo marehemu.

Kibali cha mazishi huishia mfukoni mwa yule aliyekwenda kuchukua mwili hospitali, na shati likaenda kufuliwa nacho. Kiombe siku hiyo hiyo. Ndicho utakachotumia kuomba cheti cha kifo RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo Tanzania, kwa mtandao wao wa eRITA au kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Aliyefia nyumbani, anzia kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Sheria inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Ukipitiliza bado utasajili, ila kwa mzunguko mrefu zaidi. Bila cheti hicho kampuni ya bima haitakusikiliza, hata kama meneja alikuwepo mazishini.

Bima zenyewe utazijuaje? Mama alikuwa muuguzi Tanga, mtu wa kutunza karatasi, lakini alizitunza kila mahali: chini ya godoro, kwenye sanduku la kanga, nyingine ndani ya bahasha ya eksirei. Kilichotusaidia zaidi ni slipu zake za zamani za mshahara. Kulikuwa na makato madogo ya kila mwezi ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Angalia na taarifa ya benki, na meseji za simu yake. Laini msiikate mapema. Kisha nenda kwa mwajiri wake, maana wengine huwakatia wafanyakazi bima ya pamoja na familia isijue.

Halafu mkopo. Hapa familia nyingi zinaliwa. Mikopo mingi ya benki kwa watumishi na wastaafu huwa na bima ndani yake, na ada yake marehemu alikwisha kukatwa. Akifariki, bima ndiyo inayolipa deni lililobaki. Kwa hiyo msianze kuchangishana kulipa deni la mzazi kwa uchungu wa kumsitiri. Peleka benki cheti cha kifo, andika barua ya kuwaarifu, uliza kwa maandishi kama mkopo ulikuwa na bima.

Kwa bima ya maisha yenyewe, swali la kwanza kwenye kaunta ni nani aliandikwa kuwa mnufaika. Aliyeandikwa ndiye anayedai, kwa kitambulisho chake cha NIDA na akaunti yake. Mama alimwandika baba, na baba alimtangulia kwa miaka mingi. Fomu haikuguswa tena. Ikiwa hivyo, au kama hakuandikwa mtu, fedha hupitia kwa msimamizi wa mirathi. Mnakaa kikao cha familia, mnaandika muhtasari na kuusaini wote, mnaufikisha Mahakama ya Mwanzo, na tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Chagueni mtu mwenye subira na nauli. (Mjomba aliyenuna alijipendekeza. Tulimshukuru.)

Kabla ya kuwasilisha, weka karatasi zote mezani na usome majina herufi kwa herufi. Kwenye hati ya bima mama alikuwa Mwanahamisi, kwenye cheti cha kifo akawa Mwanakhamis. Sisi tulijua ni mtu mmoja; kompyuta yao haikujua. Wakili alituandalia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu huyo huyo. Ni afadhali uende nayo mkononi kuliko kurudishwa.

Kampuni itakupa fomu ya madai, na mara nyingi fomu nyingine ya kujazwa na daktari aliyemtibu, kwa hiyo tunza namba ya faili la hospitali. Kama kifo ni cha ajali, watataka na ripoti ya polisi. Karatasi halisi usiziache. Toa nakala zilizogongwa muhuri na wakili. Na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ahadi ya mdomo ya "tutakupigia" haina tarehe.

Wakikubali kulipa, watakuletea hati ya kusaini kwamba umepokea na huna dai jingine. Linganisha kiasi na mkataba kwanza. Kikipungua, waambie wakuonyeshe kwa maandishi walichokata na sababu yake. Wakikuzungusha, au wakikataa bila maelezo ya kueleweka, andika malalamiko kwa kampuni kwanza, kisha peleka nakala zote TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ule muhuri wenye tarehe utaombwa huko.