Msianike Udongo wa Mipaina

Ndugu zangu wapanda miti wa Mufindi, Njombe na Makete, udongo mnaoufuata chini ya mipaina mikubwa kuchanganya na wa kitalu si mbolea. Umebeba viumbe hai. Lakini kila msimu nikiingia vitaluni nakuta turubai limetandazwa juani na udongo umeanikwa mpaka umekuwa vumbi. Wengine wanauchoma kwenye pipa, eti wanaua wadudu. Baada ya miezi minne naitwa: miche ya manjano, mingine zambarau, imedumaa kimo cha kidole. Mtu anaongeza urea, hasara juu ya hasara.

Mliowaua ni fangasi, na bila hao mpaina haukui. Mpaina si mti wa asili wa nchi hii. Uliletwa, na fangasi wake wakaletwa nao, kwa hiyo udongo wa shamba la mahindi, hata uwe mweusi vipi, hauna hao fangasi. Wao huvika ncha za mizizi, wakatandaza nyuzi mbali kuleta fosforasi na maji. Mti nao huwalisha sukari. Kule Puerto Rico mipaina ilishindwa kukua miaka mingi, mpaka mwaka 1955 ulipoletwa udongo wa chini ya mipaina ya North Carolina, Marekani.

Chimbeni kwenye mipaina yenye afya iliyopita miaka mitano. Penye mti unaokauka msiguse, mtabeba ugonjwa. Ondoeni sindano kavu za juu, yaani majani ya mpaina yaliyodondoka, mchukue sentimita 10 hadi 15 tu, pale penye nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Vimizizi vilivyomo msivichekeche mkavitupa, humo ndimo fangasi walimo. Udongo wa chini ya milingoti hautafaa.

Kipimo ni debe moja la udongo wa mipaina kwa madebe tisa ya udongo mwingine. Nasema debe, jamani, si viganja viwili kwa toroli zima! Ubebeni kwenye gunia bichi, ukae kivulini, utumike ndani ya wiki moja. Anayetaka kuchoma udongo achome ule wa madebe tisa, auache upoe kabisa, ndipo achanganye na wa mipaina. Mbolea ya DAP, yenye fosforasi nyingi, msizidishe, maana mche ulioshiba fosforasi hauwapokei fangasi, na dawa ya ukungu msiimwage ovyo kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche.

Kama miche imeshageuka manjano, msiing'oe kwanza. Leteni udongo mbichi wa mipaina, toboeni kwa kijiti kando ya kila mche kina cha kidole, tieni kijiko kimoja cha chakula, fukieni na mmwagilie jioni. Kazi hiyo ifanyike mapema, si wiki moja kabla ya mvua za kupandia.

Mkitaka uhakika, pasueni kiriba kimoja: ncha za mizizi ziwe fupi, zenye panda kama ya manati, zimevikwa weupe.