SOMO: Kutambua mwitikio wa maumivu kwa mbwa aliye kwenye nusukaputi

Swali ni lile lile kila mara: "Mbwa kalala fofofo, mbona mapigo yanapanda?" Naandika mara moja, tuwe tunaelekezana hapa.

Mbwa aliyelala sawasawa hayatambui maumivu, lakini neva zake zinaendelea kupeleka habari ya jeraha kwenye uti wa mgongo na ubongo, na mwili unajibu. Usipoyadhibiti mapema, ataamka na maumivu makali ambayo ni kazi kuyatuliza.

1. Dawa ya maumivu itangulie kisu.

2. Mkanda wa presha uwe na upana wa karibu asilimia 40 ya mzunguko wa mguu. Ukiwa mwembamba, utasoma juu kuliko ukweli.

3. Kabla ya kukata, andika mapigo, presha, pumzi na kaboni dioksidi anayotoa kwenye pumzi (kwa mmHg). Hizo ndizo namba zako za mwanzo. Endelea kila dakika 5.

4. Namba zikipanda, USIKIMBILIE kufungua isoflureni, gesi ya usingizi. Isoflureni inalaza, haitulizi maumivu. Ukiiongeza, mishipa inalegea na presha inaporomoka, huku chanzo kiko pale pale. Angalia jicho kwanza. Likiwa limeshuka chini kuelekea puani, kope haijibu ukiigusa na taya limelegea, usingizi unatosha. Kinachopungua ni dawa ya maumivu. Likiwa katikati, kope inapepesa na taya limekaza, usingizi ni mwepesi. Tahadhari: jicho hukaa katikati pia kwa mbwa aliyezama kupita kiasi, ila huyo kope zake zimekufa na presha iko chini. Ketamini, dawa nyingine ya usingizi, nayo huliacha jicho katikati, kwa hiyo usilitegemee peke yake.

Kisha ondoa sababu nyingine. Mapigo juu na presha inashuka: tafuta damu inakovujia. Kaboni dioksidi imepita 45: msaidie kupumua. Oksijeni imepungua, au ametoka kupewa atropini, dawa ya kuharakisha mapigo? Lakini mapigo na presha vikipanda pamoja, kama asilimia 20 juu ya mwanzo, sekunde zile zile ovari inapovutwa kwa jike anayefungwa kizazi, huo ni mwitikio wa maumivu. Mpe fentanili, dawa kali ya maumivu, mikrogramu 2 hadi 5 kwa kilo, mshipani, polepole. Pumzi inaweza kukatika, mkono uwe kwenye mfuko wa hewa.

MASWALI

Swali: Hakutikisika hata kidogo, si ina maana yuko sawa?
Jibu: Hapana. Mapigo na presha hupanda mapema, kabla hajatikisa mguu. Ukisubiri atikisike umechelewa.

Swali: Nipe tu kipimo cha dawa, sina muda wa kusoma yote.
Jibu: Mbwa wa kilo ngapi? Presha ngapi? Amepewa nini tayari? Anza na hatua ya 3.

Swali: Nikitumia deksmedetomidini (dawa ya kutuliza mnyama), mapigo yanakaa 55 na presha iko juu tangu mwanzo. Nitajuaje hapo?
Jibu: Hili swali nimelipenda, daktari. Dawa hiyo hubana mishipa, presha inapanda, na moyo unajibu kwa kupunguza mwendo. Basi mlinganishe na yeye mwenyewe. Akitoka 55 hadi 75 wakati ovari inavutwa, usiseme 75 ni kawaida. Kwake huyo ni kilio cha maumivu. Angalia na pumzi, kama anapumua mwenyewe. Na usimpe atropini kwa sababu tu mapigo ni machache wakati presha iko juu. Unaubebesha moyo mzigo.

Swali: Kwa dume anayehasiwa, kuna namna ya kuzuia hayo yote yasitokee?
Jibu: Ipo. Choma lidokaini, dawa ya ganzi, ndani ya kila korodani kabla ya kukata, miligramu 1 kwa kilo kila upande, kisha subiri dakika chache. Vuta sindano kwanza. Ikirudi damu, hamisha. Mara nyingi utaona kamba ya korodani inavutwa na namba hazichezi.

Swali: Na dripu ya lidokaini, naweza kuitumia kwa paka pia?
Jibu: Mbwa, ndiyo. Paka, usithubutu, huangusha kazi ya moyo wake.