Namna ya Kuongoza Kikao cha Kupokezana Zamu ili Makosa Yasemwe Mapema

Nilipokabidhiwa usimamizi wa wodi ya watoto hapa Kigoma, niliamini kwamba kitabu cha ripoti kisicho na kosa hata moja ni dalili ya wodi salama. Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika utafiti wa makosa ya utoaji wa dawa hospitalini aliouchapisha mwaka 1996, alikuta kwamba wodi zenye uongozi mzuri ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi, kwa kuwa wauguzi wake hawakuogopa kuyataja. Hivi ndivyo ninavyoendesha kikao sasa.

Hatua ya 1: Taja kwanza lililokupita wewe mwenyewe, kwa sentensi moja, bila kujitetea. "Jana nilichelewa kukagua dripu ya kitanda cha nne" inatosha.

Hatua ya 2: Uliza swali lenye mipaka. Ukiuliza kama kuna tatizo lolote, utajibiwa "Hakuna, sista," kwani wengi wetu tumelelewa kutomsahihisha mkubwa mbele ya watu, na malezi hayo hayavuliwi mlangoni pamoja na viatu. Uliza badala yake: "Usiku huu ni dozi ipi uliyolazimika kuihesabu mara mbili?" Anza na mwenye cheo cha chini kabisa, kisha nyamaza mpaka ajibu.

Hatua ya 3: Mshukuru aliyesema, halafu mtafute chanzo pamoja. Asubuhi moja muuguzi kijana alitueleza, kwa sauti ya chini, kwamba usiku alikadiria uzito wa mtoto kwa macho kwa sababu faili halikuuonyesha. Ningemkemea, nisingesikia tena habari ya uzito. Tulipofungua mafaili mengine tukakuta pengo lilelile, na tangu siku hiyo uzito huandikwa mstari wa kwanza, kabla ya jina la dawa yoyote.

Hatua ya 4: Unaposahihisha, zungumzia dozi, usizungumzie tabia ya mtu. Avraham Kluger na Angelo DeNisi, waliojumlisha matokeo ya tafiti nyingi mwaka 1996, walikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya mirejesho, yaani maoni anayopewa mtu kuhusu kazi yake, ilishusha utendaji, na hatari huongezeka pale mfanyakazi anapoacha kuitazama kazi akaanza kujitazama nafsi yake.

Hatua ya 5: Baada ya mwezi mmoja, waachie wadogo zako waongoze kikao kwa zamu. Naiona hatua hii kuwa ya lazima, kwa sababu anayepata mshipa wa mtoto kwa jaribio la kwanza si lazima ajue kuongoza. Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walionyesha mwaka 2019, wakichunguza wauzaji wa kampuni za Marekani, kwamba waliokuwa hodari wa kuuza walipopandishwa vyeo hawakuwa wasimamizi bora. Kila aliyeongoza aandike tarehe na jambo lililorekebishwa, kisha aliingize katika PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya ule wa zamani wa OPRAS, wiki ileile, kabla kumbukumbu haijafifia.