Kuutafuta uwiano wa dhahabu ndani ya vurugu, kwa Excel

Utaambiwa uwiano wa dhahabu, ile 1.618, umo kila mahali: kwenye makombe ya baharini, majengo, hata sura za watu. Mengi ni porojo. Kwenye nadharia ya vurugu (chaos), yaani hesabu za mifumo ambamo tofauti ndogo ya mwanzo hukua haraka, umo kweli, na utauona mwenyewe kwa jedwali moja.

Hatua ya 1. Fungua Excel, hata ya kwenye simu. Seli A1 andika =1+SQRT(5). Itatoka 3.236068, yaani uwiano wa dhahabu mara mbili. B1 andika 0.2.

Hatua ya 2. B2 andika =$A$1*B1*(1-B1), kisha buruta hadi B60. Angalia alama za dola. Mimi nilizisahau, nikapata sifuri tupu kuanzia B3, nikakaa nikizitafutia maana! Fomula hii mwanasayansi Robert May aliipa umaarufu mwaka 1976: B1 ni wadudu wa mwaka huu (kama sehemu ya idadi kubwa kabisa inayowezekana), B2 wa mwakani, A1 kasi ya kuzaana.

Hatua ya 3. Soma kushuka: 0.2, 0.5178, 0.8080, 0.5020, 0.8090, 0.5000. Kuanzia hapo ni kurukaruka kati ya 0.5 na 0.8090, ambayo ni nusu ya uwiano wa dhahabu. Anza na 0.37 au 0.9, utaishia palepale.

Hatua ya 4. A1 weka 3.5, zinabaki namba nne zinazojirudia. Weka 3.55, ni nane. Ukipita 3.57 kidogo, vurugu inaanza. Ukizichora namba zinazobaki kwa kila thamani ya A1, unapata mti unaogawanyika mawili mawili, na kila kitawi ukikikuza kinafanana na mti mzima. Hiyo ndiyo fraktali. Umbali kati ya migawanyiko unapungua kwa kukaribia mara 4.669, namba aliyoigundua mwanafizikia Mitchell Feigenbaum mwaka 1975. Hapa usiilazimishe 1.618.

Hatua ya 5, ninayoipenda. A1 weka 4, B1 weka 0.3455. Toa 1.618 kwenye 3, gawa kwa 4, utaona namba hiyo imetoka wapi. Jedwali linarukaruka vizuri kati ya 0.3455 na 0.9045, kama lilivyofanya mwanzo. Fika B13: limeanza kuyumba. B15 huitambui tena. Kosa ni kwamba tumekata desimali, na kwa wastani kila mstari unalizidisha kosa hilo mara mbili. Rudi B1, andika 0.345492. Umeongeza tarakimu mbili, umepata mistari kama minne tu.