Kupanga viwango vya kuchemka bila kukariri jedwali

Wanangu wa kidato cha tano na sita hapa Pemba, acheni kukariri namba, shikeni njia hii, penseli na karatasi vinatosha.

Hatua ya 1. Jiulize kwanza, kikichemka nini kinaachana? Ethanoli ikigeuka mvuke inabaki ethanoli ile ile, zinazoachana ni molekuli na molekuli mwenzake. Ukiandika bondi ya kovalenti (ile inayoshika atomu ndani ya molekuli) imekatika basi alama zishakwenda.

Hatua ya 2. Piga uzito wa molekuli. Kubwa ina elektroni nyingi zinazoyumba, mvuto wa London (ule unaotokana na kuyumba huko kwa elektroni) unazidi, na mvuto huo upo kwenye kila molekuli. Methani nyuzi -162, pentani 36, dekani 174.

Hatua ya 3, hapa kaeni sana mana maswali mengi yanatoka hapa. Uzito ukikaribiana angalia oksijeni imekaa wapi. Propani (44) inachemka -42. Ethanali (44) inafika 20 kwa sababu oksijeni imevutia elektroni kwake, kaboni ikabaki na chaji chanya kidogo, basi chanya ya huyu inavutana na hasi ya yule. Ethanoli (46) inaruka mpaka 78, haidrojeni yake imeshikana na oksijeni moja kwa moja kwa hiyo inaing'ang'ania na oksijeni ya jirani, hiyo ndo bondi ya haidrojeni. Dimethili etha ina fomula sawasawa na ethanoli lakini haidrojeni zote ziko kwenye kaboni, inachemka -24! Nyuzi mia na zaidi zimepotea kwa oksijeni kuhama tu, mimi hili linanifurahisha kila nikilifundisha. Ila msiseme bondi ya haidrojeni inashinda siku zote, dekani haina hata moja na inaipita ethanoli mbali.

Hatua ya 4. Umbo. Pentani iliyonyooka 36, neopentani yenye fomula ile ile lakini iliyojikunja kama mpira 9.5, molekuli zake hazigusani sana.

Hatua ya 5. Chora uone kama haidrojeni imejifunga ndani ya molekuli yake mwenyewe, maana ikijifunga hivyo haimng'ang'anii jirani sana na kiwango kinashuka. Gwayakoli, fenoli yenye kundi la methoksi (OCH3) ubavuni mwa OH, inachemka 205, ndugu yake mwenye makundi hayo pande mbili tofauti 243. Yujenoli ya karafuu zetu nayo imekaa kama gwayakoli, lakini ni kubwa zaidi, inafika 254.

Sasa mtauliza kwenye kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) cha Wawi hapa Pemba wanachemsha mafuta ya karafuu mpaka 254? Hapana, wanapitisha mvuke wa maji. Maji na mafuta hayachanganyiki, kila kimoja kinasukuma kwa presha yake, presha mbili zikijumlishwa zinaifikia ya hewa kabla ya nyuzi 100, mafuta yanatoka pamoja na mvuke bila kuungua.