"Zimechuja": namna ya kulisema kwa Kiingereza na Kireno

Juzi nilikaa na mdogo wangu, muuza vitenge hapa Mtwara, tukimwandikia mteja wake wa Pemba, Msumbiji. Alitaka kumwambia kwamba dizaini za mwaka jana zimechuja, asiziagize. Ujumbe huo mmoja ulitumaliza jioni nzima.

Hatua ya 1: Nini kimechuja?
Msanii akichuja, ni mvuto. Kitenge kikichuja, mtu anawaza rangi kwenye beseni. Ukiandika "desbotou" au "faded", mteja ataona unamuuzia mzigo mbovu. Ligeuze kwanza kwa Kiswahili: "hazivutii tena". Programu ya kutafsiri usiipe "zimechuja" ikiwa mbichi.

Hatua ya 2: Kiingereza
"These designs have lost their appeal." Inatosha. Kwa mtu tumia "charm", maana "he lost his appeal" wengi watasoma kwamba kashindwa rufaa.

Hatua ya 3: Kireno
Hapa ndipo jioni ilipoishia. Tuliona "have lost", tukatia "têm" mahali pa "have", tukapata "têm perdido o encanto". Ni Kireno safi, ila kinasema mvuto umekuwa ukipungua siku hizi na bado unaendelea kupungua. Mteja akajibu: basi nipunguzie bei, nichukue kabla hazijaisha kabisa!

"-me-" yetu hapa inakwenda kwenye neno moja tu: "perdeu", wingi "perderam". Tatizo, "perderam" hiyohiyo ndiyo "zilipoteza" ya zamani. Kwa hiyo weka "já" (tayari) mbele: "já perderam o encanto". Mimi napenda zaidi "já não agradam", kwa sababu "já não" inabeba "si... tena" yetu bila kupunguza kitu. Kwa nguo hasa, "passaram de moda" (zimepitwa na wakati) ndiyo inayogonga. "Perdeu a graça" iachie utani, mchezo au mazoea yaliyochosha, na usiteleze ukaandika "de graça": hiyo ni bure, na mteja ataidai.

Hatua ya 4: Ukikinai wewe mwenyewe
"I've gone off it", kwa Waingereza. Kireno, "enjoei", kwenye boti neno hilohilo ni kichefuchefu.

Ujumbe wa mwisho uliokwenda: "Estes padrões já passaram de moda. As pessoas já não os querem." Mteja akaomba picha za dizaini mpya.